Kitanda cha Mtoto Mchanga: Mchoro Kwanza, Msumeno Baadaye

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya mabaraza ya wakazi, kliniki za wajawazito na mafundi wa mbao katika kaunti za Migori na Homa Bay.



Ukipita kando ya barabara Rongo, Awendo, Oyugis au Rodi Kopany, utaona vitanda vimeegeshwa nje ya vibanda vya mafundi, vimepakwa vanishi na vinang'aa juani. Katikati ya vitanda vya watu wazima huwa kuna kimoja kidogo chenye fito pande zote. Hicho cha mtoto mchanga mara nyingi kilianzia kwenye simu. Mteja alimwonyesha fundi picha akasema, "Fundi, nitengenezee kama hii." Fundi akatazama, akakadiria kwa jicho, akataja bei, akapokea malipo ya kwanza. Hakuna aliyeuliza nafasi kati ya fito moja na nyingine ni sentimita ngapi.

Kwa meza au kabati, jicho la fundi mzoefu linatosha, maana meza ikiwa ndefu kwa inchi moja hakuna anayeumia. Kitanda cha mtoto ndicho chombo pekee nyumbani ambamo mtu asiyeweza kugeuka, kuita wala kujinasua huachwa peke yake usiku. Kwa hiyo vipimo vyake ni lazima viandikwe.

Kwanza, tusilazimishane. Watoto wengi kando ya ziwa hulala na mama zao, na kunyonyesha usiku hurahisishwa na ukaribu huo. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2022, wanashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi 6 ya kwanza, ila juu ya kitanda chake mwenyewe kilicho kigumu na tambarare. Kwa nyumba nyingi maana yake ni kitanda kidogo kilichosogezwa karibu na kile cha mama, mkono ukinyooshwa unafika. Asiyekuwa na uwezo wa kukitengeneza sasa hajamnyima mtoto haki yake. Lakini anayekitengeneza akitengeneze sawasawa, kwa sababu kitanda kibovu ni hatari kuliko kukosa kitanda.

Jambo la pili ni desturi. Katika nyumba nyingi watu hawapendi kununua wala kuandaa vitu vya mtoto kabla hajazaliwa, na hakuna haja ya kugombana na wazee kwa hilo. Mbao zenyewe zinahitaji muda wa kukauka. Baba anaweza kununua mbao mapema na kuzipanga juu ya dari kama mbao nyingine yoyote, na kuchora mchoro wake jioni. Kitanda chenyewe kikaunganishwa mtoto akishafika. Katika wiki za mwanzo analala karibu na mama hata hivyo.

Sasa mchoro. Intaneti imejaa michoro ya vitanda vya watoto, mingine ya bure, na mingi ni mizuri. Tatizo ni kwamba mingi imechorwa kwa ajili ya Marekani, na kuna mitego miwili ambayo imewapotezea mafundi mbao.

Mtego wa kwanza ni godoro. Kitanda kamili cha mtoto cha Marekani kina nafasi ya ndani ya takriban sentimita 133 kwa 71, kwa sababu sheria yao imeweka hivyo na magodoro yao yanafuata. Uingereza na Ulaya hutumia sana godoro la sentimita 120 kwa 60, karibu sawa na futi 4 kwa 2, kipimo ambacho muuza magodoro ya sponji yeyote Migori mjini anaweza kukukatia. Ukitengeneza kitanda kwa mchoro wa Marekani kisha ukaweka godoro la futi 4 kwa 2, pengo linalobaki pembeni linatosha uso wa mtoto kuzama. Kwa hiyo nunua godoro kabla ya kununua ubao. Lipime kwa futi ya mkononi, maana magodoro hayafuati lebo zao kila mara, kisha chora kitanda kulizunguka. Godoro likikaa ndani, vidole viwili vilivyoshikana visipate nafasi ya kupita kati yake na ukingo. Unene wake ni inchi 4, na uwe sponji ngumu: ukikandamiza kwa kiganja kisha ukaachia, irudi papo hapo.

Mtego wa pili ni mbao zenyewe. Mmarekani akiandika ubao wa "mbili kwa nne" anamaanisha ubao uliokwisha kupigwa randa kiwandani, wenye inchi 1 na nusu kwa 3 na nusu. Hapa ubao wa mbili kwa nne hutoka kwenye msumeno ukiwa mbovumbovu, karibu inchi 2 kwa 4 kamili, na fundi ndiye anayeupiga randa. Ukifuata mchoro wa kigeni bila kujua hilo, kila kiungo kitapishana kwa nusu inchi na lawama zitamwangukia fundi bure. Dawa ni kupuuza majina ya mbao kwenye mchoro na kuandika upya vipimo vya sentimita baada ya randa.

Kuna michoro mingine ya kutupwa kabisa. Mchoro wowote unaoonyesha upande mmoja unaoteremka juu na chini kwa reli uachwe. Mtindo huo ulipendwa sana Marekani kwa miaka mingi, mpaka ilipobainika kwamba vyuma vyake hulegea, upande huachana na nguzo na mtoto hunaswa katikati. Idara yao ya usalama wa bidhaa ilihusisha mtindo huo na vifo vya watoto wasiopungua 32 tangu mwaka 2000, na tangu Juni 2011 ni marufuku kuutengeneza au kuuuza huko. Picha zake bado zinazunguka kwenye simu za watu huku kwetu. Michoro yenye fito za kulala pia haifai, maana mtoto wa miezi 10 huzigeuza ngazi. Na susu ya kubembea, ambayo watu wa pwani wanaijua vizuri, ni ya kumtuliza mtoto mtu mzima akiwa karibu. Kulala usiku kucha kunahitaji pahali tambarare pasipoinama.

Tuje kwenye hesabu ya fito, na hapa inafaa kutulia kidogo. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Kiwiliwili cha mtoto mchanga ni chembamba kuliko kichwa chake. Nafasi ikiwa kubwa, miguu na kiuno hupenya, mwili huteremka, kichwa hubaki ndani na mtoto huning'inia kwa shingo. Watu wengine hupima kwa mkebe wa soda wakisema ukipita, kitanda hakifai. Ni kweli ukipita hakifai, lakini mkebe una upana wa zaidi ya sentimita 6, kwa hiyo usipopita bado hujathibitisha kitu. Kata kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 6 kamili na ukipitishe katika kila nafasi. Kikipita hata pamoja, rudisha kitanda kwa fundi.

Tuseme godoro ni futi 4 kwa 2, yaani sentimita 122 kwa 61. Nafasi ya ndani ya kitanda iwe sentimita 123 kwa 62. Fito zikiwa na upana wa sentimita 2.5, upande mrefu unahitaji fito 15. Hizo zinachukua sentimita 37.5, zinabaki 85.5 za kugawa kwa nafasi 16, na kila nafasi inakuwa sentimita 5.3. Upande mfupi unahitaji fito 7 na nafasi 8, kila moja sentimita 5.6. Jumla ni fito 44 kwa kitanda kizima. Sasa angalia randa inavyoweza kuharibu hesabu. Fundi akizipiga msasa na randa hadi zibaki na sentimita 2, nafasi za upande mfupi zinafika sentimita 6 kamili, na ubao ukikauka zaidi zinavuka. Hapo aongeze fito ya 8 kila upande mfupi. Ndiyo maana hesabu ya mwisho hufanywa baada ya randa, wala si yadini.

Urefu wa kwenda juu ni hivi. Nguzo 4 ziwe na sentimita 95. Kitako cha kubeba godoro kiwe na sehemu mbili za kukaa. Ya juu iko sentimita 60 kutoka sakafuni, ili mama aliyetoka kujifungua, na hasa aliyepasuliwa, asiiname sana. Ya chini iko sentimita 29, ambapo ukingo unabaki juu kwa sentimita 66 kutoka kwenye kitako. Mtoto akianza kukaa mwenyewe, kitako kinashushwa siku hiyo hiyo, bila kungoja wikendi. Kitako kishikwe na bolti na nati, na kama ni cha mbao zilizopangwa, nafasi zake zisizidi sentimita 6 vilevile.

Kwa mbao: nguzo zinahitaji karibu futi 13 za inchi 2 kwa 2. Reli za juu na chini, 4 ndefu na 4 fupi pamoja na ndimi zake, ni karibu futi 26 za inchi 3 kwa 1. Fito 44 za sentimita 60 na nusu ni karibu mita 27. Ubao wa inchi 6 kwa 1 ukichanwa mara tano, futi 20 zinatosha na kubakisha kidogo cha kuharibu, maana lazima kitaharibika kitu. Mpelekee muuza mbao karatasi yenye hesabu hiyo. Atakayeenda yadini bila karatasi atarudi na mbao nyingi kuliko anazohitaji, au chache.

Kuhusu aina ya mti, saipresi ni nyepesi, hupigwa randa vizuri na hupatikana kila mahali. Grivilea kutoka mipakani mwa mashamba inafaa na ina sura nzuri. Siala, mti ambao Waluo wamejengea nyumba na fanicha tangu zamani, ni imara na hausumbuliwi sana na mchwa. Mwenye siala iliyokomaa shambani ana kitanda tayari. Mkaratusi hupasuka na kupinda usipokaushwa kwa subira, na kwa fito nyembamba ni heri kuuepuka. Mvule ni mzuri mno, lakini ni ghali na mzito, na kwa chombo cha kutumiwa miaka miwili ni anasa.

Mti wowote ule, ukauke. Mafundi wa zamani wana kanuni ya mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, mbao zikiwa zimepangwa kivulini na vipande vya kutenganisha ili upepo upite. Asiye na mwaka apime kipande kimoja kwenye mizani ya duka kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, ubao umetulia. Fito iliyowekwa mbichi msimu wa mvua wa Machi hadi Mei itasinyaa kiangazi, itazunguka kwenye tundu lake, na siku moja itachomoka mkononi mwa mtoto.

Mbao mbili zipigwe marufuku. Ya kwanza ni vipande vya nguzo za umeme au za ua zilizotiwa dawa, zenye rangi ya kijani kibichi. Dawa nyingi za aina hiyo zina shaba, kromiamu na aseniki, na mtoto anayeota meno hutafuna ukingo wa kitanda kama panya. Ya pili ni mbao za kreti za mizigo zenye muhuri wa herufi MB, maana yake zilifukizwa sumu ya methili bromidi. Zenye muhuri wa HT zilitibiwa kwa joto tu.

Viungo viwe vya ulimi na tundu, vyenye gundi nyeupe ya mbao. Misumari pekee haitoshi, kwani kitanda cha mtoto hutikiswa kila siku na msumari hulegea. Reli zikae sawa na uso wa ndani wa nguzo. Ndimi za reli mbili zitakutana ndani ya nguzo moja, kwa hiyo ncha zake zikatwe kwa mshazari ili zisigombane. Hapo ndipo utamtofautisha fundi na mpiga misumari. Kitanda kikikamilika, weka mfuko wa mchanga wa kilo 20 juu ya kitako na ukitikise kwa nguvu zote. Kikilia, hakijaisha.

Kingo zote ziviringwe na kupigwa msasa namba 80, halafu 120, halafu 180. Rangi ni suala zito zaidi ya linavyodhaniwa. Madini ya risasi yalitumika sana kwenye rangi za mafuta, hasa nyekundu, manjano na kijani zinazong'aa, na hudhuru ubongo wa mtoto kwa kiasi kidogo sana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni. Usimalizie kopo la zamani lililobaki baada ya kupaka lango. Nunua rangi au vanishi ya maji, yenye alama ya ubora na maelezo kwamba haina risasi, kisha kiache kitanda mahali penye upepo mpaka harufu iishe kabisa. Ubao mtupu uliosuguliwa vizuri pia unatosha, na hauna gharama.

Hapa michoro ya kigeni inanyamaza kabisa, kwa sababu iliyoichora hawana mbu wa Nyatike wala wa Mbita. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa 2020 ulikuta takriban asilimia 19 ya watoto waliopimwa katika kanda ya ziwa wana vimelea, huku wastani wa nchi ukiwa karibu asilimia 6. Chanjo ya malaria, ambayo Kenya iliizindua hapa Homa Bay Septemba 2019, huanza mtoto akiwa na miezi 6. Kabla ya hapo neti ndiyo kinga yake kuu, na miezi hiyo ndiyo hasa analala kwenye kitanda hiki. Kitanda kisichoweza kufunikwa kwa neti hakifai katika kaunti hizi mbili, hata kiwe kizuri namna gani.

Njia rahisi ni kuning'iniza neti kwenye boriti ya paa, ikashuka nje ya fito na kufika sakafuni pande zote. Ikae nje ili mtoto asiivute, na isimguse, maana mbu huuma kupitia kwenye matundu. Kitanda kisiegemee ukuta. Acha nafasi neti ipite. Isiishie kwenye reli ya chini, kwa kuwa mbu atapanda kutoka chini ya kitako. Neti yenye dawa hutolewa bure kwa wajawazito kliniki. Itandazwe kivulini siku moja kabla ya kutumiwa, na ikifuliwa ianikwe kivulini pia.

Kwa nyumba ambazo paa halina pa kufungia, nguzo za kitanda zinaweza kurefushwa zibebe neti. Lakini kuna sharti. Nguzo inayojitokeza kidogo juu ya ukingo hunasa nguo au kamba ya mtoto anayejaribu kusimama, na imewahi kunyonga. Kanuni ya Marekani inataka nguzo iwe sawa na ukingo, tofauti isizidi milimita 1 na nusu, au ivuke ukingo kwa zaidi ya sentimita 41, ambapo nguo haiwezi kuifikia na kukwama. Nusu nusu hairuhusiwi. Basi anayetaka nguzo za neti azikate sentimita 150 kutoka sakafuni, na vile vitufe vya mapambo ambavyo mafundi hupenda kuchonga pembeni viachwe kwa vitanda vya wakubwa.

Ndani ya kitanda mna godoro, shuka iliyobana na mtoto aliyelazwa chali. Mito, mablanketi mazito, wanasesere na vile vitambaa vyenye sponji vinavyofungwa kuzunguka fito vibaki nje. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa vitambaa hivyo mwaka 2022 kwa sababu watoto walikosea pumzi humo. Kampeni ya kuwalaza watoto chali iliyoanza huko 1994 ilifuatwa na kupungua kwa vifo vya ghafla vya watoto wachanga kwa karibu nusu.

Mwisho ni makubaliano. Karatasi moja iwe na mchoro, vipimo vyote, aina ya mti, aina ya rangi, malipo ya kwanza na tarehe, nayo isainiwe na fundi na mteja, kila mmoja akiwa na nakala. Fundi akiitunza, ana kigezo cha mteja wa pili na wa kumi, na hana haja ya kukadiria tena. Vyuo vya mafunzo ya ufundi viko chini ya serikali za kaunti, na idara zao za useremala zina walimu wanaoweza kuupitia mchoro kabla ubao haujakatwa. Mwenye kitanda cha zamani cha kurithi asione haya kuja nacho kipimwe kwa kile kipande cha sentimita 6.

Bolti zikazwe kila mwezi. Mtoto akifikisha kimo cha sentimita 89, au akianza kurusha mguu juu ya ukingo, kitanda kifunguliwe kabla hajaanguka nacho, na bolti zake zifungwe kwenye mfuko mmoja pamoja na mchoro.